Sahihi ya Ishirini na Sita

Lamoru, kisiwa cha Pentekoste
4 Machi

Mwanangu Cecil,

Mimi mama yako mdogo Ethel nakusalimu kutoka kwenye jiko lisilo na paa. Kimbunga cha mwezi uliopita kiliondoka nalo, na sasa napika chini ya turubai kama mkimbizi. Vinginevyo tu wazima. Viazi vikuu vimeoza kiasi, magimbi yamesimama, nguruwe wote wako salama isipokuwa yule mwenye kiherehere aliyekimbilia mtoni. Mgongo unanisumbua, lakini mdomo haujambo, kama utakavyoona.

Mavis anakusalimu. Najua adabu yetu, kaka hamtaji dada yake kwa jina, kwa hiyo ukijibu mwite utakavyo, mradi usimsahau. Hana neno siku hizi ila harusi. Anselme akikohoa huko Melvat, yeye huku anachemsha majani ya dawa.

Na harusi ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Tumekubaliana na Pascal, baba yake Anselme, iwe Jumamosi tarehe 28 Juni. Wewe unajua ilivyokuwa kati yetu na Melvat. Babu zetu waligawanywa na wamisheni wawili na lugha mbili za wazungu, halafu sisi tukaongezewa vyama viwili, sisi Mnazi na wao Nyota. Ukipita njia ya Melvat peke yako unarudi na kichwa kimepasuka. Kibanda chetu cha kukaushia nazi za kopra kilichomwa moto, nasi tukawakatia migomba yao, Mungu atusamehe. Mpaka vyama vyenu vilipoungana huko Vila na kuunda serikali ya mseto, ukaja nyumbani, wewe mbunge wetu, ukasimama kwenye uwanja wa ngoma, ukampiga nguruwe rungu la kichwa mbele ya Pascal, ukaapa kwamba tuko pamoja, ukasema, "Neno hili halirudi nyuma mpaka uchaguzi mwingine." Siku ile nilipeleka Melvat mikeka yangu myekundu arobaini, kazi ya miaka sita ya vidole hivi. Na tangu siku ile watoto wetu wanapita.

Sasa ndugu zangu wote wa kiume wamekwisha. Upande wetu mwanamume ni wewe tu. Usipokuwepo, hakuna wa kumsemea Mavis wala wa kupokea nguruwe wa Melvat, na bila hayo hakuna harusi, hata padri aimbe mpaka apasuke koo.

Ninalouliza ni dogo. Redio inasema mawaziri wenu hawali tena meza moja, na kuna karatasi inapitishwa ya kuiangusha serikali. Pascal alikuja kuniuliza. Nikamwambia, "Kacheze mbali, mwanangu ndiye aliyepiga nguruwe." Lakini niandikie neno moja tu, nimwonyeshe. Mko pamoja au hamko?

Mamako,
Ethel Moviri


Port Vila
29 Machi

Mama yangu mdogo mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua yako imekaa melini wiki mbili na nusu, nahodha anasema bahari, mimi nasema uvivu. Nimesikitika sana kwa ajili ya jiko. Meli hii inakuletea mabati kumi na mawili, misumari, mfuko wa mchele na betri za redio. Mabati yapigiliwe na fundi, usipande juu mwenyewe, nakujua.

Hapa tu wazima. Mkwe wako Noeline anafundisha darasa la watoto hamsini na sauti imemkauka. Mjukuu wako Jared ameng'oka jino la mbele na amekataa kulitupa, analibeba mfukoni kwenda nalo shuleni na kuwaonyesha wenzake.

Kuhusu serikali, usiitegee redio sikio sana. Serikali ya mseto ni nyumba ya wake wenza, makelele kutwa, lakini jioni kila mmoja anapika. Kiongozi wa chama chetu ana hasira kidogo na Waziri Mkuu, mambo ya nani kakaa kiti gani. Yatapita. Mimi nasalimiana na kila mtu. Juzi hata Hosea wa upinzani alinikaribisha kwenye nakamali yake, baraza la kunywea kava, tukanywa kama watu wazima, tukazungumza habari za ng'ombe.

Mwambie binti yako ashone nguo yake kwa amani. Tarehe 28 Juni nitakuwepo. Msalimie Pascal sana sana.

Mwanao,
Cecil Bule


Lamoru
19 Aprili

Cecil,

Salamu. Tuko hai. Mabati yamefika jana, yameegemezwa ukutani na hakuna aliyeyagusa. Nitakwambia kwa nini.

Alhamisi jioni tulikuwa kwenye duka la ushirika, maana redio ya pale ndiyo iliyokuwa na betri. Pascal na Anselme walikuwa wameshuka kutoka Melvat tupange nani apike nini. Nilileta laplap ya ndizi yenye tui zito, Pascal anakula huku anatania, "Mama Mavis, binti akipika hivi mwanangu hatapita mlangoni." Watu wanacheka. Taarifa ya habari ikaanza. Wakasema Spika aliikalia ile karatasi ya kutokuwa na imani na serikali kwa wiki tatu, mpaka mahakama ikamwamuru aipokee, na sasa wanasoma majina ya wabunge waliotia sahihi siku ile ya tarehe 27 Machi.

Nikawa nahesabu kwa vidole, kwa mchezo tu. Aliposomwa Hosea nikasonya. Ishirini na tatu, ishirini na nne. Aliposomwa kiongozi wa chama chenu mwenyewe, Pascal akaacha kutafuna. Kisha yule mtangazaji akasema, kwa sauti ile ile anayotajia bei ya kopra, "Na wa ishirini na sita, Mheshimiwa Cecil Bule, Pentekoste."

Nikasema, "Wamekosea." Nilisema kwa sauti, Cecil, mbele ya watu. Nikasema, "Atakuwa Cecil mwingine."

Pascal aliiweka laplap yake juu ya jani, akaifunika vizuri, akaniuliza, "Mama Mavis, mwanao alisema neno halirudi nyuma mpaka lini?"

"Mpaka uchaguzi mwingine."

"Uchaguzi mwingine umefika?"

"Bado."

Akanyanyuka akaondoka. Anselme alibaki amesimama, mara amtazame baba, mara amtazame Mavis, mwisho akamfuata baba. Alfajiri nilipofungua mlango nikakuta mikeka yangu arobaini imekunjwa na kupangwa kizingitini. Waliopanga hawakubisha hodi. Nina umri wa miaka sitini na mmoja na sijawahi kuona mikeka ikirudishwa, nilikuwa nasikia tu kwamba zamani ilirudishwa na baada ya hapo watu waliuana. Vijana wetu wameshaanza kunoa mapanga wakisema ni ya shamba. Shamba gani Ijumaa Kuu?

Na siku hiyo hiyo ya mikeka meli ikaniletea barua yako. Nimeisoma mara nne. Umeiandika tarehe 29. Sahihi umetia tarehe 27. Yaani umetia sahihi ya kuvunja neno lako, ukalala, ukaamka, ukalala tena, ndipo ukakaa kuniandikia habari za jino la Jared! Mkono ule ule! Na ukanituma nimsalimie Pascal!

Mavis hali. Anakaa jikoni anautazama moto, nikimuuliza anasema, "Mama, kaka hawezi kufanya hivyo." Hajui kusema jingine.

Sikuulizi tena kama mko pamoja. Nakuuliza ulikuwa umepatwa na nini.

Ethel


Port Vila, hotelini
8 Mei

Mama mdogo,

Nisamehe mwandiko, naandikia kitandani. Barua yako imenifikia ndani ya kikapu cha mashuka. Mfuaji wa hapa ni mtu wa kwetu, ndiye atakayeitoa na hii. Tumewekwa hotelini wote ishirini na sita, mtu asihame kabla ya kura, tunakula pamoja, tunasali pamoja, hata chooni kuna mtu nje ya mlango anakusubiri kwa upendo mkubwa. Simu za vyumbani zimekatwa. Wanasema ni kwa usalama wetu. Noeline na Jared sijawaona siku kumi na moja.

Nilidhani ningekueleza ana kwa ana. Sasa sikiliza.

Jioni ile kwa Hosea, nilifika nina kiu, nimechoka na kikao. Hosea akasimama mwenyewe, akanichotea kava, akanishikia kifuu kwa mikono miwili. Mimi, mpumbavu, nikakipokea, nikanywa chote, nikatema mate, ndipo nikageuka. Nikaona nakamali nzima imesimama wima. Wazee wanne wa kwao wameinamisha vichwa. Hosea akasema, "Asante, ndugu yangu. Tulikuwa tunaomba jina lako, nawe umetunywea." Mama, sikuuliza kwanza ana neno gani! Mtoto wa miaka kumi wa Lamoru anajua kwamba mtu akikushikia kifuu kwa mikono miwili unauliza kwanza. Miaka tisa ya Vila, ya kunywa kava ya kununua kwenye vikombe vya plastiki, imenisahaulisha. Ningefanya nini? Nikatae nimeshameza? Wakaleta karatasi. Nikatia sahihi.

Asubuhi yake watu wa Waziri Mkuu wakaja na karatasi yao, ya kuapa kwamba tuko naye. Nikaona hii ndiyo njia ya kurekebisha. Nikatia sahihi hiyo pia. Ndiyo, zote mbili. Sasa kila upande unanihesabu, na kila upande unanitazama jicho la pembeni. Najua utasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi zimeniponyoka zote, na mikono bado imeshika karatasi.

Kura ni Jumatatu tarehe 12. Nakuapia, nitasimama ukumbini na kupiga upande wetu, upande wa nguruwe yule. Mwambie Pascal hivyo. Mwambie binti yako ale. Mikeka usiiingize ndani, iache palepale, Jumatatu jioni wataifuata wenyewe.

Mwanao,
Cecil Bule


Lamoru
10 Juni

Kwa Cecil,

Mvua imekatika. Viazi vikuu tumevuna, vichache. Mwalimu wa shule amepata mapacha. Mgongo wangu ni ule ule.

Barua yako ya hotelini ilifika tarehe 20 Mei. Kura tulikuwa tumeshaisikia siku nane kabla. Ishirini na sita kwa ishirini na nne. Siku ile nilikwenda dukani tena, ingawa watu walinikataza, kwa sababu moyo wangu uliniambia kuwa mtoto niliyemlea tangu ana miaka minne, niliyempaka mafuta kichwani akiwa na upele, atasimama. Nikahesabu tena kwa vidole. Kisha Jumatano wakatangaza mawaziri wapya. Wewe Waziri wa Mifugo. Watu walicheka, Cecil. Wa kwetu, si wa Melvat. Mzee mmoja alisema, "Nguruwe mmoja alimshinda, sasa kapewa wa nchi nzima."

Habari za kava nimezisoma na nimeziamini. Ulikosea, na Hosea ni mwerevu. Lakini nakuuliza, na uwaziri nao walikuletea kwenye kifuu? Huo hukuugusia hata kwa nusu mstari. Walikuahidi lini? Ukimjibu Mungu mimi sihitaji jibu.

Sasa yaliyofuata. Vijana wa Melvat walimpiga jiwe mtoto wa shule wa kwetu. Vijana wetu wakaamka na yale mapanga. Nikavaa, nikapita katikati yao, nikaenda Melvat peke yangu kwa miguu. Pascal alinipa kiti na chai. Nikamwambia, "Nimekuja kuwaombea watoto wawili."

Akasema, "Sina ugomvi na watoto. Anselme mwenyewe hali kwangu, anakula kwa shangazi yake kama yatima. Ugomvi wangu ni neno. Nataka kujua lilikuwa la nani. Lilikuwa la ukoo wenu au la mtu mmoja?"

Nilimwelewa. Neno likiwa la ukoo, basi ukoo wetu wote ni waongo, na mtu haoi kwa waongo. Likiwa la mtu mmoja, basi huyo mtu hana ukoo. Hakukuwa na njia ya tatu. Niliitafuta, Cecil. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa na nzi wakaingia ndani yake.

Nikasema, "La mtu mmoja."

Jumapili iliyopita, mbele ya vijiji vyote viwili, nilimpiga nguruwe rungu kwa mkono wangu mwenyewe. Wanawake wa upande wetu walishafanya zamani, hakuna aliyenizuia. Nikasema jina la Bule tulilokupa limerudi kwa wazee na litapewa mwingine atakapozaliwa. Nikasema sina mtoto wa kiume. Nilisema bila kulia na nilijisifu kwa hilo, halafu usiku nikalia mpaka Mavis akaogopa. Mikeka imevuka tena kwenda Melvat, na mapanga yamerudi shambani.

Harusi ni tarehe ile ile. Mavis nitamsemea mimi, na nguruwe nitapokea mimi. Pascal ametoa sharti moja, nami nimelikubali. Asiyekuwa na jina asikanyage uwanja ule. Ukishuka pwani siku hiyo, kila kitu kitarudi kilipokuwa, na safari hii sina kingine cha kutoa.

Kwa hiyo usije. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba ule chakula ulipokuwa mtoto.

Ethel Moviri


Port Vila, bandarini
23 Juni

Mama mdogo,

Meli iliyoleta barua yako ndiyo niliyokuwa naipanda. Karani wa mizigo alinipa bahasha nikiwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Nimeisomea hapa, juu ya gunia la saruji. Kuna saa moja kabla hawajang'oa nanga.

Hujasikia bado, labda. Ijumaa na sisi tumeangushwa. Watano walihama, Hosea mwenyewe akiwa wa pili. Nilikuwa waziri kwa wiki tano na siku mbili. Nilipofika ofisini kuchukua koti langu kulikuwa na mtu mwingine kwenye kiti, akanisalimia vizuri.

Uwaziri niliahidiwa pale pale nakamali, kabla ya karatasi. Kava ilikuwa kweli, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ukumbini Jumatatu ile nilisimama nije upande wetu. Nilisimama, Mama. Halafu nikaitazama karatasi yenye majina ya mawaziri mezani kwa Hosea, nikakaa.

Nilikuwa nakuja kukwambia hayo. Nilikuwa na tiketi, na nguruwe niliyempata kwa mzee mmoja wa Malekula, meno yake yamezunguka duara mpaka yamegusa taya, hajaonekana wa namna hiyo Vila kwa miaka. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Noeline alikuwa ananisikiliza jioni kama mtoto wa katekisimu. Nimekaa hapa natafuta njia ya kuja bila kuja. Nikasema nishukie kusini, nitembee msituni, nisimame mbali nimwone tu akipita. Lakini mtu ataniona, na atakayeniona atasema.

Kwa hiyo nguruwe amepanda. Nimemfunga karibu na mapipa, ana maji na kiazi cha siku tatu, na nahodha ameapa kumtazama. Meli inatarajiwa kwenu Alhamisi. Mtume Anselme ampokee, yeye ana mikono yenye nguvu na nguruwe huyu ana hasira.

Asipigwe rungu kwa jina la mtu wala kwa neno lolote. Achinjwe tu, apikwe, wale wa pande zote mbili. Meno mpe Mavis.

Nimeandika jina lake, na sikuomba radhi, maana adabu ile ni ya ndugu.

Wakiuliza nguruwe ametoka kwa nani, sema ametoka Vila.

Cecil